Damu ya Siku ya Kwanza

22 Januari

Kwako Baba Chiriku,

Pokea salamu zangu, wewe, binti yetu na Mama. Mimi ni mzima, ila usingizi haujapata habari kwamba nimehama: unanijia mchana nikiwa kazini, usiku unanikimbia. Nyie je? Kifua cha Mama kimetulia? Chiriku anakula?

Uliniomba nikuandikie kila kitu, maana kwenye simu ya posta sisi wawili huishia kulia na dakika zinakwisha. Basi soma taratibu.

Kazi yangu ya mwaka huu huku ng'ambo, hapa maabara, ni chumba cha panya. Unapita milango miwili, unavua viatu, unavaa joho, glavu na kofia ya karatasi mpaka unafanana na mwoka mikate. Ndani ni rafu mpaka darini, visanduku vya plastiki vimepangwa, na kila kisanduku kina maranda ya mbao, chupa ya maji, na panya weupe wenye macho mekundu kama punje za komamanga. Wanazaliwa humu na kufia humu. Tunawaambukiza virusi, kisha tunaangalia mwili unajibu vipi.

Profesa wetu ni mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Siku ya kwanza alinionyesha visanduku viwili. "Hawa waliambukizwa wakiwa wakubwa," akasema. "Hawa waliambukizwa siku waliyozaliwa. Virusi ni vilevile. Niambie wagonjwa ni wepi."

Wa kwanza walikuwa wamejikunja, manyoya yamesimama, wanatetemeka. Wa pili walikuwa wanakimbizana. Nikasema wa kwanza.

"Sawa. Sasa niambie wepi wana virusi vingi zaidi."

Ni wale wanaocheza, mume wangu! Damu yao imejaa virusi tele, na mwili wala haujali, kwa sababu ulivikuta tangu kuzaliwa ukadhani ni vyake. Wale wakubwa ndio ambao mwili umeshtuka kwamba kuna mgeni. Chembe nyeupe za damu zinakimbilia kwenye ubongo kumtoa, na vurugu hiyo ndiyo inayowaua. Si virusi vyenyewe. Mimi natakiwa nichunguze kwa nini ulinzi unabomoa nyumba unayoilinda.

Kabla ya kuingia walinitoa damu, wakaifungia kwenye friji la baridi kali. Nikauliza ya nini, wakasema ya akiba tu. Ungeliona hilo friji! Nililisikia linanguruma nikasimama mlangoni mpaka wakadhani naogopa sindano. Nilikuwa nakuwaza wewe.

Mkeo,
Mama Chiriku


17 Februari

Mama Chiriku wangu,

Shikamoo ya Chiriku imo humu. Ameniambia niifunge vizuri isidondoke njiani. Sisi tu wazima. Mama anakohoa asubuhi tu, na nadhani ni kwa ajili ya kuniamsha.

Binti yako ametangaza mtaa mzima kwamba mama yake ni daktari wa panya. Mama akasikitika: "Mtoto wa watu kasoma hadi kavaa miwani, leo anatandikia panya vitanda!" Nikamsomea pale uliposema wanakufa kwa kujitetea kwao wenyewe. Akatafakari, akasema, "Kama shangazi yako." Unamjua shangazi. Hatukuendelea.

Karakana haijambo. Juzi nimeletewa friji la muuza nyama, kompresa imekufa, harufu inamfukuza hata nzi. Nimehangaika nalo siku mbili. Lilipowaka nikageuka kukuita uje usikie linavyonguruma. Nikakuta nimemwita mteja mke wangu. Amelipokea vizuri.

Chiriku sasa analala upande wako, kimshazari, miguu mbavuni mwangu. Usiku namsogeza, asubuhi namkuta palepale. Sijui ananilinda au ananikumbusha.

Anauliza kama panya wana blanketi. Mimi nauliza kama unawaonea huruma.

Mumeo,
Baba Chiriku


14 Machi

Mume wangu,

Naomba barua hii iwakute wazima. Kuhusu mimi, soma mpaka mwisho kabla hujasema neno.

Mwambie Chiriku hawana blanketi, ila wakiugua hulala wamebanana, maana panya mgonjwa mwili wake hupoa badala ya kuchemka kama wetu. Na ndiyo, nawaonea huruma. Wakati wao ukifika ni mimi ninayewaua, kwa mkono wangu, na kila mara huwasemesha kwa lugha yetu kwa kuwa humu hakuna mwingine wa kuongea naye. Mwenzangu wa meza moja, tunamwita Mrefu, anadhani nasali.

Mwishoni mwa Februari mmoja aliniuma. Alikuwa wa wale wanaocheza, wale waliojaa virusi. Meno yalipita glavu. Nikaosha, nikatoa taarifa, tukacheka. Baada ya siku kadhaa nikashikwa na homa na kichwa. Daktari wa wafanyakazi akasema virusi hivi kwa mtu mzima ni kama mafua makali tu, hupita. Kisha akaniuliza, kama wanavyoulizwa wanawake wote, siku zangu niliziona lini. Nikafungua mdomo kumjibu, nikakuta sina jibu.

Nina mimba, Baba Chiriku. Nimekuja nayo kutoka nyumbani bila kujua. Baada ya miaka yote ile ya kungoja, baada ya wale wawili waliotoka kabla hata hatujawapa jina la utani.

Sasa lililobaki ni zito, na sitakuficha. Kinachopita kwangu kama mafua, kwa mtoto aliye tumboni si mafua. Kinga yake haijakomaa. Virusi vikimfikia huweza kukaa kwenye ubongo wake, maji yakajaa kichwani, macho yakaharibika. Si lazima. Huweza.

Wamenitoa damu nyingine waipime pamoja na ile ya akiba. Wamenitoa pia kwenye chumba cha panya. Kipimo hakifanyiki hapa, damu imepelekwa mbali, na mimi nangoja.

Nilitamani nikuambie nikiwa nimekaa kitandani kwetu, mlango umefungwa, Chiriku anagonga kuuliza tunacheka nini.

Mkeo,
Mama Chiriku


3 Aprili

Mama Chiriku,

Salamu. Sisi wazima.

Rudi. Sina neno lingine. Nilifurahi kwa mstari mmoja, na mstari uliofuata ukaninyang'anya. Ulijua wale panya wana nini na bado ukaingiza mkono. Nani alikutuma? Elimu gani hii inayomfuata mtu mpaka tumboni? Panya ni wa watu. Mtoto ni wangu. Funga sanduku urudi.

Mumeo


24 Aprili

Baba Chiriku,

Salamu kwa Mama na kwa binti yangu. Mimi naendelea. Kichefuchefu ni kilekile cha Chiriku, cha asubuhi, cha kuchukia hata harufu ya sabuni.

"Mtoto ni wangu," umeandika. Nimeisoma tena na tena nikitafuta mimi nipo wapi. Mtoto ni wetu. Nilipoingiza mkono kwenye kile kisanduku sikujua kwamba tuko wawili. Ningejua, mkono ningeufunga mgongoni.

Na kurudi, nirudi na nini? Kama virusi vimeniingia, nitapanda navyo ndege. Majibu yako huku, daktari anayevijua yuko huku. Ningekuwa na hakika kwamba kukukimbilia wewe kunamponya mtoto, ungeniona mlangoni kabla ya barua hii.

Kwa sasa wamenipa darubini. Natazama ubongo wa panya uliokatwa mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Chembe nyeupe zimejazana kwenye utando wa juu kama watu wanaosukumana mlangoni. Wale ambao Profesa aliwatoa tezi ya kifuani wakiwa wachanga, tezi ambayo ndiyo inayofundisha chembe hizo kazi, utando wao ni mtulivu, na waliishi, virusi vyote vikiwemo. Nikitazama, mkono wangu mmoja huwa uko tumboni. Mrefu anageuza uso ajifanye hajaona.

Andika. Hata kama ni kunigombeza, andika.

Mama Chiriku


16 Mei

Baba Chiriku, popote ulipojificha,

U mzima? Wote wazima? Sijapata neno kutoka kwako tangu ile ya Aprili. Mpeleka barua wa mtaa huu ameanza kunihurumia. Akiwa bado ng'ambo ya barabara huanza kunitikisia kichwa ili nisihangaike kushuka ngazi.

Majibu yametoka. Nakuandikia kama yalivyotokea.

Daktari aliniambia nikae, nikakataa. Akasema, "Damu yako ya sasa ina kingamwili za virusi hivi." Hapo nikakaa. Kingamwili ni kile kinachobaki kwenye damu mwili ukishapambana na kitu. Maana yake vimeniingia. Aliendelea kuongea lakini mimi nilikuwa simsikii, naona kichwa cha mtoto tu. Profesa alikuwa amenisindikiza bila kuombwa. Akagonga meza. "Msikilize! Hajamaliza!"

Daktari akavuta karatasi ya pili. "Damu yako ya siku ya kwanza nayo inazo," akasema. "Kiasi kilekile."

Damu ya siku ya kwanza, mume wangu! Kabla sijamgusa panya hata mmoja wa humu. Virusi hivi nilikutana navyo zamani, labda utotoni, kwa panya wa kawaida tu wa kwenye magunia ya nafaka. Nikashikwa na homa, mtu akaniwekea kitambaa cha maji usoni, nikapona, na hakuna aliyejua jina la ugonjwa. Lakini mwili ulijua. Yule panya aliponiuma, wageni wake walikuta wanasubiriwa. Na homa ile ya Machi ilikuwa mafua, mafua ya kawaida, tena ya Mrefu, aliyekuwa anapiga chafya mezani.

"Siwezi kukuapia," daktari akasema, "lakini mama mwenye kinga ya zamani, mtoto wake tunamtarajia salama."

Mimi nilicheka mpaka nikaona aibu. Profesa ndiye aliyelia. Akatoka nje, akarudi, akasema hewa ya mle ndani ni kavu.

Nimekwambia. Sasa na wewe niambie kitu.

Mkeo,
Mama Chiriku


20 Mei

Mke wangu,

Hujambo? Hujambo kweli, au unajikaza?

Nilinyamaza kwa sababu kila nikishika kalamu, hasira ilikuwa inaandika yenyewe. Nimechana barua nne. Mama akaokota vipande vya mojawapo akavipanga mezani. Unajua anasema macho yake hayaoni herufi. Siku hiyo yaliona. Akaniambia, "Mwanamke mwenye mimba hagombezwi kwa stempu. Ungekuwa una uchungu na huyo mtoto, ungeanza kwa kuuliza mama yake kala nini."

Basi nauliza: umekula nini?

Majibu ya damu sijayasikia. Pengine unayo mkononi sasa hivi, pengine mazuri, pengine mabaya. Nataka ujue haya kabla mimi sijayajua majibu hayo. Yakiwa mabaya, tutambeba. Kama haoni, Chiriku atamsimulia dunia nzima, na unajua huyo hachoki. Kama kichwa kitamlemea, mabega haya yamepandisha friji la muuza nyama ngazi mbili. Usije ukaamua kitu huko peke yako ukidhani mimi sitaki. Nataka. Nilipoandika "wangu" nilikuwa naogopa, na mwoga hupenda kushika vitu kwa nguvu.

Jana nimepita dukani nikanunua kitambaa cha manjano cha kushonea vinguo. Muuzaji akauliza ni cha mtoto wa kike au wa kiume. Nikasema, cha mtoto.

Mumeo,
Baba Chiriku


12 Juni

Mume wangu mpenzi,

Nimekula mkate na maharage, na nimerudia. Mimi mzima. Mwambie Mama mkono wake naubusu kutoka huku.

Barua zetu zilipishana njiani. Yako nimeisoma nikiwa nimeshajua kwamba tuko salama, na bado imeniliza kuliko siku ya majibu. Ulikubali kabla ya kujua. Sitakuambia zaidi, maana karatasi imeanza kulowa na wino ni wa kuazima.

Ila kuna jingine, na hili pia uliweke moyoni taratibu. Nilikuwa nimepanga kurudi Julai nijifungulie nyumbani. Presha yangu imepanda, miguu imevimba, na daktari amekataa katakata nisipande ndege. Mtoto atazaliwa huku. Nilimbishia. Nikamwambia nina mume, nina binti, nina mkwe anayesoma vipande vya karatasi. Akasema, "Wote watakutaka ukiwa hai."

Nina hamu na vitu vya ajabu. Hamu na kelele za karakana. Hamu na wewe unavyofuta mikono kwenye suruali kisha unakataa kwamba umefuta. Jana mtaani mtoto mmoja aliita "Mama!" nikaitika. Yule mwanamke mwingine akanitazama, kisha akanitabasamia, nadhani aliona tumbo akaelewa.

Mkeo,
Mama Chiriku


9 Agosti

Mama Chiriku,

Salamu nyingi, na pole na hiyo miguu. Iinue ukikaa, Mama ndiye anayesema, mimi natii tu kuandika.

Sisi wazima. Chiriku ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa maneno yanamtoka na upepo, lakini hayajapungua. Kila jioni anazungumza na mdogo wake kwa kuinama kwenye mto wako. Nilimwambia mtoto hayupo mle. Akasema, "Najua baba, nafanya mazoezi."

Na mimi nafanya mazoezi. Natengeneza friji, mteja anaondoka, nabaki nimekaa juu ya kasha la vifaa nikikuambia yaliyotokea. Kisha naingia ndani.

Usiogope kuzaa peke yako. Yaani, ogopa, lakini zaa.

Mumeo,
Baba Chiriku


TELEGRAMU, 27 Septemba

WA KIUME. SALAMA WOTE WAWILI. MACHO YANAFUATA TAA. BARUA INAKUJA.


6 Oktoba

Baba Chiriku, baba wa watoto wawili, kwani sasa ni wawili,

Tu wazima, mimi na mwanao. Presha imeshuka, na daktari ameturuhusu kusafiri mwisho wa Novemba. Maziwa yametoka. Kila asubuhi nesi anakuja na utepe anampima kichwa, anaandika, anasema, "Kichwa cha kawaida kabisa," kana kwamba ni jambo la kawaida. Siku ya kwanza daktari alimulika tochi ndogo, akaisogeza kulia, akaisogeza kushoto. Macho yakaifuata. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena, akasema, "Mama, utamchosha."

Nisikufiche, saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa ngumu. Mlango ukifunguliwa waume wanaingia, mabibi wanaingia, wanazunguka vitanda, na mimi nageukia ukutani najifanya namnyonyesha. Siku ya pili nikasikia kiti kinavutwa. Profesa. Akakaa mpaka kengele ikalia. Akarudi kesho yake, na kesho yake. Siku ya mwisho nikamwambia namwachia kazi nusu, kwamba maswali bado hayajaisha. Akasema, "Panya hawatakwisha. Mrefu ataendelea. Wewe nenda kwenu."

Mtoto ana paji lako la uso na hasira zako, zinawaka haraka na kuzimika haraka. Hana jina. Nimekataa kumwita chochote mpaka wewe umshike.

Mkeo,
Mama Chiriku


2 Novemba

Mama Chiriku,

Hamjambo, wewe na huyo mkubwa asiye na jina? Hapa hakuna mzima hata mmoja, wote tumepagawa. Telegramu ilifika nikiwa kichwa chini ndani ya friji la mteja. Nilisimama ghafla, nikajigonga, uvimbe ninao mpaka leo. Mama ameiweka kwenye sanduku la nguo zake na anakataa kuitoa hata nikimwomba.

Tumepaka chumba rangi. Kitanda kidogo kiko tayari.

Lakini Chiriku amenitisha. Tangu nimwambie kwamba mmeshapewa ruhusa ya kusafiri, amekuwa kimya. Yeye! Nikadhani anaumwa. Nikamkuta amesimama mbele ya kioo, amefungua mdomo, anatazama pengo la meno. Nikamuuliza kuna nini.

"Baba, mimi nimerefuka?"

"Umerefuka sana."

"Na meno yameng'oka. Na nywele Bibi amezikata." Akanigeukia. "Mama atanijua?"

Mimi mwaka mzima nilikuwa naogopa kwamba yeye ndiye atakusahau wewe, kumbe mwenzangu alikuwa na hofu yake. Nikamwambia ndiyo, atakujua. Akaniuliza, "Umejuaje?" Nikamwambia tutamuuliza mwenyewe.

Basi nakuuliza.

Mumeo,
Baba Chiriku


24 Novemba

Mume wangu,

Tu wazima. Mtoto amelala, sanduku limefungwa, na mimi sina cha kufanya na mikono yangu, kwa hiyo nakuandikia. Barua hii itapita posta zote inazopitaga, na sisi tunaondoka keshokutwa, kwa hiyo tutaitangulia. Najua ni upuuzi. Lakini mwaka huu nimezoea kwamba kitu hakijanitokea mpaka nikuambie.

Swali la Chiriku sikulijibu kwa telegramu. Nilitaka alipate jibu kwenye mikono yangu, si kwenye karatasi. Wewe wakati unasoma hapa umeshaona ilivyokuwa, na labda unajua kama nilipiga magoti palepale kwenye umati au nilijikaza mpaka nyumbani. Mimi bado sijui. Naogopa na nina furaha, vyote pamoja, kama siku ya mtihani.

Leo nimekwenda kuaga maabara. Mrefu amenipa mkono kwa muda mrefu mno, kisha akaniuliza yale maneno niliyokuwa nawaambia panya yana maana gani. Nikamwambia: nilikuwa nawaambia wasamehe, niko mbali na kwetu. Akasema alidhani ni dua. Nikasema, ni dua pia.

Sasa mwanao ameamka. Anataka kula, na ana haki.

Barua hii utakwenda kuichukua posta peke yako, nakujua, na utaifungua kabla ya kuvua viatu, umesimama hapo sebuleni na mikono ina grisi. Ukifika mstari huu, usitafute kalamu. Usinijibu, Baba Chiriku. Geuka tu.

Mkeo,
Mama Chiriku na mdogo wake